Sikutekwa, na Mkia Nimeurudisha

Kwanza kabisa: sijatekwa. Narudia taratibu kwa sababu pumzi ya kupiga kelele sina. Sijatekwa, sijauzwa, hakuna mtu anayetaka dola, na ile michango inayoendelea kwenye grupu la ukoo naomba isimame leo hii. Baba mdogo, nakusihi. Niko hai, niko La Paz, Bolivia, kichwa kinagonga, na mkononi nina kikombe cha chai ambayo nikikutwa nayo Moshi nalala ndani.

Picha mliyoiona ni ya kweli. Maneno yaliyoandikwa chini yake kwenye grupu, kwamba nimetekwa, ni ya Mwinyi, na Mwinyi mnamjua. Ni nyie wenyewe mlimwingiza kwenye grupu wakati wa msiba wa bibi ili aone ratiba, mkasahau kumtoa. Haya, mavuno ndiyo hayo.

Mambo ya safari yenyewe mnayajua: kahawa, mafunzo, mashamba ya Yungas, yale mabonde ya kahawa chini ya La Paz. Kabla ya kushuka huko tulipewa asubuhi moja ya kupumzika, na Mwinyi, mhasibu wetu, mtoto wa Tanga, mtu aliyezaliwa mahali ambapo wimbi likikosea njia linaingia jikoni, akasema twende tukatembezwe mji mkongwe. Kwa miguu, na kiongozi. Hapo ndipo ningesema tumbo linaniuma. Lakini jana yake wakati wa chakula bibi mmoja wa Kiholanzi alituuliza kama hatuogopi mwinuko, maana mji uko mita 3,600 na ushee, nami nikacheka kicheko kizito. Nikamwambia, mama, mimi natoka Moshi. Kilimanjaro naufungulia dirisha.

Bibi akaniangalia kwa heshima kubwa. Sikuona sababu ya kumweleza kwamba Moshi mjini haifiki hata mita 1,000, wala kwamba mlimani mwisho wangu ni geti la Marangu, nilipomsindikiza mgeni, tena nikabaki kwenye gari nikila mahindi ya kuchoma.

Kwa mnaoujua mlima: La Paz iko chini kidogo tu ya Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro. Horombo, pale ambapo watalii hufika wamevaa majaketi, wanakohoa, wanatafuta dawa ya kichwa. Hapa mtu anafika Horombo akiwa ametumwa vitunguu. Kuna benki, kuna foleni, watoto wanakimbizana na mpira. Uwanja wa ndege uko juu zaidi, El Alto, mita 4,061, na wenye nacho wamekwenda kuishi bondeni, Zona Sur, wakaifuata hewa. Wenye nacho si wajinga.

Asubuhi hotelini kulikuwa na chupa ya chai ya majani ya koka pale kaunta, bure, kwa wageni. Mwinyi akanywa, akaongeza, kisha akachukua na majani makavu akayasukumia shavuni, shavu likatuna kama la mzee wa tambuu. Akanikaribisha. Nikamwambia hayo ni ya watu wa pwani.

Tukaanzia uwanja wa San Pedro, mbele ya gereza la jina hilohilo, ambalo wafungwa wamekuwa wakiishi ndani na familia zao, na mna vibanda vya chakula na maduka. Kiongozi wetu, binti mwenye sauti ya kuuza samaki, akatueleza kwamba kwa katiba mji mkuu ni Sucre, ila serikali na bunge vimekaa La Paz tangu walipopigania jambo hilo mwishoni mwa karne ya 19. Wazungu wakakunja uso wasielewe. Sisi wa Dodoma na Dar tuliitikia tu kwa kichwa.

Mtaa wa wachawi ndipo mwili ulipoanza kunitumia barua. Mtaa wenyewe una maduka ya dawa, ubani, na vijusi vya llama, mnyama wa huku wa jamii ya ngamia, vilivyokaushwa vinaning'inia mlangoni na manyoya yao. Ukijenga nyumba unakizika kimoja kwenye msingi, Pachamama, Mama Ardhi, apate haki yake kabla hujamsimamishia matofali. Mwinyi akauliza bei. Mimi nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango, napapasa sweta ambayo sikuwa na nia ya kuinunua, nikisikiliza moyo wangu ukitwanga kisamvu. Yule bibi wa Kiholanzi akanipita. Akapunguza mwendo. Akaniuliza kwa upole kama Kilimanjaro nako kuna mwinuko wa namna hii.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo Mwinyi alipoongeza chumvi.

Mbele ya kanisa la San Francisco, lile la mawe lililochongwa uso mzima majani na matunda, imepita barabara pana iitwayo Mariscal Santa Cruz. Chini yake umezikwa mto Choqueyapu. Juu yake ni minibasi, nyingi, makondakta vichwa nje wakiimba "Ceja, Ceja, El Alto!" Na kwenye zebra kuna pundamilia. Wenye kuelewa wameelewa, wengine nawaeleza. Manispaa ilianza mpango huo mwaka 2001: vijana wanavaa pundamilia kuanzia kichwa hadi mkia, wanacheza barabarani, wanawazuia madereva kwa madaha na kuwavusha watu panapostahili. Mji mzima unawapenda.

Hayo yote kiongozi aliyaeleza. Aliyaeleza wakati mimi niko nyuma kabisa, napambana na mteremko ambao nao ulikuwa unachosha, jambo ambalo fizikia inijibu. Kwa hiyo nilipofika nikainua macho, nikakuta pundamilia wawili wamesimama kwa miguu miwili, mmoja anacheza, nikajiambia kimoyomoyo: basi, ndiyo hewa imeisha kichwani. Usimwambie mtu. Vuka tu.

Taa ikageuka, kundi likavuka. Nikatia mguu. Nikatia mwingine. Katikati ya barabara magoti yakaniaga. Hayakuuma wala nini, yalistaafu tu.

Sasa niambieni, mwanaume wa Moshi utakaaje chini katikati ya barabara ya watu, bibi wa miaka sabini ameshafika ng'ambo anakusubiri? Akili ikanipa wazo, na wakati ule lilionekana wazo la daktari bingwa: inama, jifanye unafunga kamba za viatu. Nikainama. Nikaanza kufunga. Vidole vinakwenda kwa ustadi kabisa: zungusha kitanzi, pitisha, vuta. Hamia mguu wa pili. Zungusha, pitisha, vuta.

Wadau, nilikuwa nimevaa viatu vya kutumbukiza. Havina kamba. Havijawahi kuwa na kamba.

Pundamilia mmoja akaja. Akachuchumaa mbele yangu. Kile kichwa kikubwa cha manyoya, chenye macho yasiyopepesa, kikainama kukitazama kiatu. Kikainuka kunitazama mimi. Kikarudi kwenye kiatu. Na mimi, Mungu ananiona, nikaendelea kufunga. Nikafika mahali pa kukaza fundo. Nikalikaza.

Taa ikageuka. Honi zikaanza. Pundamilia wa pili akaruka mbele ya minibasi, mikono ameipanua, na yule kondakta aliyekuwa anaimba Ceja akanyamaza. Honi za watu nimezizoea. Ila kondakta akikunyamazia, ujue hali yako si nzuri.

Yule wa kwanza akanizunguka, akaniingiza mikono kwapani, akainua. Kutoka ndani ya manyoya ikaja sauti ndogo: "Tranquilo, señor, tranquilo," yaani tulia, bwana, tulia. Sauti ya binti. Kichwa kikasogea kidogo, pale pa kupumulia nikauona uso wa msichana wa rika la mdogo wangu wa kidato cha sita, jasho linamtiririka, anakokota kilo tisini za Mchagga kwenye hewa ambayo ni kama theluthi mbili tu ya ile tuliyoiacha Tanga. Nikaona aibu. Nikataka nimsaidie, nijishikize, nisimwachie uzito wote. Nikatupa mkono nyuma, nikapata kitu kirefu, laini, nikakivuta kwa imani yangu yote.

Trrrrr.

Mkia.

Kimya. Pundamilia akageuka kuangalia nyuma yake. Mimi nikaangalia mkononi. Ulikuwa mkia mzuri, wenye kishada cheusi. Nikajaribu kumrudishia, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kwapani kwangu, basi tukavuka hivyohivyo, yeye anavuta, mimi nimeushikilia mkia kifuani, na abiria wa minibasi nzima wamefungua madirisha.

Ng'ambo kulikuwa na mng'arisha viatu. Wale wa La Paz hufunika uso wote kwa kofia ya sufu yenye matundu ya macho, kwa sababu wengi hawataki majirani wala wanafunzi wenzao wajue kazi wanayofanya. Kijana wa watu akaninyanyulia kigoda chake, nikakalishwa. Akanipepea kwa kitambaa cha kazi. Kisha mazoea yakamshinda, macho yakashuka kwenye viatu vyangu, akaguna, akapiga goti, akaanza kuvipaka dawa.

Hapo ndipo Mwinyi alipopiga picha. Kwa hiyo mnachokiona ni hiki: mtu aliyefunika uso amenishika miguu, pundamilia amenibana mabega kwa nyuma, mimi macho yamenitoka, nimekumbatia mkia. La Paz ilikuwa saa tano asubuhi, Moshi saa kumi na mbili jioni, mmetoka kazini wote, simu ziko mkononi. Na Mwinyi akaandika: "Mangi wetu ametekwa. Tuombeane."

Nimeshaona waliosema nimekutwa na nyara za serikali. Mmechekesha. Mkia kweli ulikuwa wa manispaa, lakini nimeurudisha mbele ya mashahidi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga pembeni, kofia yake ya duara imekaa utosini bila kuyumba, sketi zimerundikana moja juu ya nyingine, alichomoa pini kwenye mtandio wake, akamgeuza yule binti, akaubandika mkia mahali pake akinung'unika. Akapiga kofi kidogo kuhakikisha umeshika. Halafu akanigeukia, akanipa wosia ambao kiongozi alinitafsiria huku anauma midomo: wageni huku wanaambiwa kula kidogo, tembea polepole, lala peke yako. Mimi. Mwana wa Moshi. Naambiwa tembea polepole.

Majani ya koka nikayaomba mwenyewe. Mwinyi alinipa kwa kunihesabia.

Yaliyobaki ni mafupi. Kundi likapanda hadi uwanja wa Murillo, na mimi nikapanda, nikisimama kila baada ya mlango. Palepale nikakumbatia nguzo ya taa nivute pumzi. Kiongozi akasogea taratibu akaniambia kwamba kwenye nguzo ya taa ya uwanja huu, mwaka 1946, umati ulimtundika rais, Gualberto Villarroel. Nikahamia kwenye ngazi na njiwa. Kwenye bunge lao kuna saa inayozunguka kinyume tangu 2014, namba nazo zimegeuzwa, hoja ikiwa kwamba kusini mwa ikweta kivuli cha jua huzunguka upande huo. Moshi nayo iko kusini mwa ikweta, lakini tafadhali mtu asipeleke wazo hilo Dodoma. Sisi tunaosoma nne penye kumi tumeshabeba mzigo wa kutosha. Nililipa viatu, nikampa yule binti wa pundamilia pole na asante, akanikumbatia tena, safari hii kwa tahadhari, mkono mmoja ameushikilia mkia. Bibi wa Kiholanzi amenipa vidonge vya kichwa na namba yake ya simu, eti nikirudi Moshi nimjulishe kama nimefika salama.

Mwinyi tunaongea kupitia mtu wa tatu. Akitaka yaishe aje na isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha, mkononi, na asinipe kisingizio kwamba Bolivia halioti.

Kuhusu michango, Baba mdogo amenijibu sasa hivi. Anasema fedha haziwezi kurudishwa kwa sababu zilikuwa zimeshanunua mbuzi, mbuzi alikuwa wa kuombea nirudi, na kwa vile nimepatikana kabla hajachinjwa, amebadilishwa kuwa wa shukrani. Jumapili mnakula. Jumapili mimi niko Yungas kwenye mibuni. Nimeuliza kidari kitakuwa cha nani. Amesema kimeshatengwa, kiko kwenye friza kwa jina la Mwinyi, kwa sababu ndiye aliyeleta habari.