Bamba la nyuma au la kando: ubishi juu ya kifundo cha mguu kilichovunjika

Fibula, mfupa mwembamba wa upande wa nje wa mguu chini ya goti, inapovunjika kwa mshazari karibu na kifundo cha mguu, kwa kawaida ufa huanzia chini upande wa mbele na kupanda kuelekea nyuma, na kipande cha chini huelekea kuteleza nyuma na juu. Kuteleza huko si jambo dogo. Jaribio la watafiti Ramsey na Hamilton la mwaka 1976 lilionyesha kwamba talasi, mfupa ulio katikati ya kifundo, ikisogea upande wa nje kwa milimita 1 tu, eneo linaloigusanisha na tibia, mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, hupungua kwa asilimia 42. Ndiyo maana mpasuaji huurudisha mfupa mahali pake na kuushikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Kinachobishaniwa ni mahali pa kuliweka bamba hilo.

Bamba la kando ni rahisi kulifikia, lakini skrubu zake za chini hulazimika kuwa fupi ili zisitokeze ndani ya kiungo, nazo hushika mfupa laini. La nyuma hukaa kwenye njia ya kipande kinachotaka kuteleza, likakizuia kama kigingi, na skrubu zake hupata unene mkubwa zaidi wa mfupa. Watafiti Schaffer na Manoli walipoyalinganisha kwenye mifupa ya maiti mwaka 1987, la nyuma ndilo lililokuwa imara zaidi. Baadaye yalikuja mabamba ya kando ambayo vichwa vya skrubu hujifunga kwa hesi ndani ya bamba lenyewe, yakitarajiwa kufaa mifupa iliyodhoofika. Hata hivyo, jaribio la mwaka 2006 kwenye mifupa ya aina hiyo bado liliipa ushindi njia ya nyuma.

Ila mfupa wa maabara hauna mtu anayeutembelea. Nyuma ya fibula hupita kano za misuli ya peronea, ile ya upande wa nje wa mguu, na bamba huweza kuzisugua mpaka mgonjwa arudi kuondolewa chuma, ingawa la kando nalo hukaa chini ya ngozi nyembamba, ambayo huweza kuumia. Tena, mashine inayousokota mfupa hadi uvunjike hupima mzigo ambao mgonjwa aliye kwenye plasta hatarajiwi kuubeba. Ningeyaamini zaidi majaribio yanayorudia mzigo mdogo mara maelfu, kama hatua zinavyofanya.

Kwa kijana mwenye mfupa mgumu, sioni sababu ya kumlazimisha mpasuaji aiache njia aliyoizoea. Kwa mzee ambaye mfupa wake haushiki skrubu, naona bamba la nyuma lina hoja nzito, mradi lisishushwe mno na vichwa vya skrubu visiachwe vikichomoza chini ya kano.