Juma yuko safu ya tatu

Kila mwezi Mei hapa Marekani, Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii hutoa orodha ya majina ya watoto waliozaliwa mwaka uliotangulia. Mimi huifurahia kweli. Mtu yeyote anaipakua bure: jina, jinsia na idadi, tangu 1880. Jina lililopewa watoto wasiofika watano halitajwi.

Chukua Michael. Liliongoza majina ya wavulana kuanzia 1954 hadi 1998, isipokuwa 1960 lilipopitwa na David. Ukitazama nafasi tu, utasema halikutikisika. Tazama idadi sasa. Mwaka 1957 jina hilo walipewa wavulana zaidi ya 90,000; mwaka 1998 hawakufika 37,000, ilhali watoto wote waliozaliwa walikuwa milioni nne hivi katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili. Jina liliporomoka likiwa bado kileleni! Mwaka 2017 likawa limeshatoka kumi bora.

Sisi nyumbani Tanzania tunabishana tu. Huyu anasema Juma wamekwisha, siku hizi wote ni Brayan. Yule anaapa mtaani kwake akina Juma wamejaa tele. Hakuna aliyehesabu, na hilo linaniudhi.

Najua mtakavyonijia juu: kapanda ndege juzi, leo anatupangia majina ya watoto wetu. Sipangi. Anayetaka Brayan amwite Brayan. Ninachosema ni kwamba kwenye kuhesabu majina tumewazidi hawa, ila hatujui. Mara nyingi Mtanzania huandikwa majina matatu: lake, la baba, la babu. Brayan Hamisi Juma ni vizazi vitatu kwenye mstari mmoja. Orodha ya Marekani inaona jina la kwanza basi.

Daftari la mahudhurio la shule moja linatosha kuanzia, mwalimu mkuu akiridhia. Safu ya kwanza, ya jina la mtoto, hesabu wavulana peke yao. Ya pili, ya baba, na ya tatu, ya babu, hesabu watoto wote, maana hata Neema ana baba na babu. Watoto wa baba mmoja, baba yao mhesabu mara moja. Na babu vivyo hivyo, la sivyo mzee mwenye wajukuu kumi shuleni atalipandisha jina lake peke yake. Mushi, Massawe na majina mengine ya ukoo yaondoe safu ya tatu, hayo si ya babu. Kisha toa asilimia kwa kila safu, kwa sababu jumla zake hazilingani. Wanaume wasiojaliwa watoto hawamo, kwa hiyo safu za nyuma zichukue kama makadirio.

Panapoharibika zaidi ni tahajia. Wamarekani wenyewe wanahesabu Jayden, Jaden na Jaiden kama majina matatu, ndiyo maana kila moja linaonekana dogo kuliko lilivyo. Kwetu karani huandika alivyosikia: cheti cha kuzaliwa Hamisi, cha shule Khamis, na mwenye jina anakwenda kwa wakili kuapa kwamba ni mtu yule yule. Basi kabla ya kujumlisha, pitia orodha na mtu anayeyajua majina. Hamisi, Hamis na Khamis viunganishe, Ally na Ali pia. Hamadi muache peke yake.