Kanisa la Smirna lilikuwa fukara, Bwana akaliita tajiri
Habari hii ya waumini kuambiwa "wapande mbegu" ya fedha, yaani watoe pesa kanisani, ndipo wabarikiwe imeniuma sana. Ndugu zangu, tusome tena Ufunuo sura ya 2 na ya 3, penye barua za Bwana Yesu kwa makanisa saba, Smirna na Laodikia yakiwemo. Laodikia ulikuwa mji wa fedha na sufu nyeusi; tetemeko la mwaka 60 hivi lilipoubomoa, ulijijenga wenyewe bila msaada wa Roma. Kanisa lake nalo likajisifu kuwa halihitaji kitu. Bwana akaliita maskini, kipofu na uchi! Smirna, waliokuwa na dhiki na umaskini, ndio aliowaambia kuwa ni matajiri. Hakuwaahidi gari wala nyumba, bali taji ya uzima. Sasa mchungaji anayemwambia mama muuza mboga kwamba umaskini wake ni upungufu wa imani, watu wa Smirna anawaweka wapi?