Mnara Nimeshauona, Nionyeshe Unapopikia

Wiki iliyopita nilimtumia mama picha kumi na mbili za safari yetu ya mwisho wa juma. Daraja la mawe, kanisa kuu, chemchemi, na watoto wamepangwa mbele ya kila kimoja, mikono ubavuni. Nilikuwa nimeamka kabla ya jua ili niuwahi mwanga laini, kisha usiku nikakesha nikirekebisha rangi. Mama akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Ahsante mwanangu, pazuri kweli. Ila minara hiyo nimeshaiona kwenye kalenda. Nionyeshe unapopikia. Na huyo mdogo analala wapi?"

Huu ni mwaka wetu wa sita ugenini. Nikaanza kupekua simu kutafuta picha ya jiko langu mwenyewe, kati ya picha zaidi ya elfu kumi na moja. Nilipata moja tu: bomba linalovuja chini ya sinki, niliyoipiga ili nimtumie mwenye nyumba. Ya kitanda cha mtoto haikuwepo kabisa. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwaka 1838 Louis Daguerre, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alitegesha kamera yake dirishani jijini Paris, akaielekeza mtaa wa Boulevard du Temple. Bamba lake la kunasia picha lilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga. Chini kulikuwa na pilika za watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa walikuwa wanatembea, karibu wote walipotea. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na anayemng'arishia kabaki kama kivuli. Majengo yametulia, dirisha kwa dirisha unaweza kuyahesabu. Kila nikifungua albamu zetu sisi tunaoishi mbali, naiona picha ile. Majengo yamo yote. Maisha yetu, kwa sababu yalikuwa yanatembea, hayamo. Na sisi hatuna kisingizio cha Daguerre, maana hata simu ya kawaida inanasa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ni macho yetu yaliyozoea kwamba cha kupigwa picha kipo nje ya mlango, tena mbali, tena kwa kiingilio.

Nyumba yetu ya kwanza huku ilikuwa chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tatu. Binti yangu alikuwa anapanda kiti kila jioni kumngoja baba yake, pua kaibana kwenye kioo cha dirisha. Alama ya pua na vidole haikukauka pale. Siku ya kurudisha funguo nilikifuta kioo kile mwenyewe, mpaka kikang'aa, maana tulikuwa tunangoja ukaguzi saa nne. Simu ilikuwa mfukoni. Haikunijia hata kidogo kuitoa. Sasa ana miaka minane, ananiuliza dirisha lile lilikuwa linatazama nini, nami namjibu kwa kubahatisha: mti, nadhani, na kituo cha basi.

Mtu aliyekulia nyumba ambayo wazazi wake bado wanaishi anaweza kurudi akaugusa ukuta. Watoto wetu hawana ukuta wa kurudia. Mkataba ukiisha, kibali kisipoongezwa, kazi ikihama, tunafunga masanduku na ngazi zile hatuzipandi tena. Anakuja mpangaji mwingine, anapaka rangi yake. Kanisa kuu litakuwepo miaka mia ijayo, na lina wapiga picha wake kila siku. Dirisha letu lilikuwa na mimi peke yangu.

Nakubali, picha za safari zina nafasi yake. Zimenifundisha kuusoma mwanga, na watoto wanafurahi kujiona walifika mahali. Zaidi ya hapo sikubali.

Wazazi wetu walikuwa na sababu ya kubana. Roli ya filamu ilikuwa na picha 36 ukibahatika, na kila moja ililipiwa kusafishwa, kwa hiyo kamera ilitoka siku ya tukio. Sisi tunaweza kupiga hata jumanne isiyo na jambo. Tena jumanne ndiyo hasa.

Basi nimeanza. Nazima taa ya dari na kuacha mwanga wa dirisha ufanye kazi. Namweka mtoto katikati ya picha, kwa kuwa lenzi kuu ya simu ni pana na huvuta sura za waliokaa pembeni. Simwambii mtu atabasamu. Nimepiga viatu mlangoni, vya mdogo vikiwa kimoja kimelalia kingine. Nimempiga mume wangu kasinzia na beji ya kazini ikiwa bado shingoni. Nimepiga mistari ya penseli kwenye fremu ya mlango tunapowapima kimo. Na kamera yangu ya zamani hatimaye nimeirekebisha saa. Ilikuwa bado inahesabu muda wa tulikotoka, hivyo picha za kuzaliwa kwa mdogo zinasema alizaliwa siku isiyo yake.

Mpiga picha wa nyumba naye aingie kwenye picha. Vivian Maier, mpiga picha wa Marekani aliyekuwa yaya na kuacha negativu (filamu zilizopigwa picha) zaidi ya laki moja, alijipiga mara nyingi kwenye vioo na hata kwa kivuli chake. Mimi nilijitafuta katika miaka sita yetu nikakuta mkono wangu tu, umeshika koti la mtoto. Na za ndani hizi zibaki za ndani. Si kila mtu duniani anahitaji kujua mwanangu analala wapi. Bibi yake anahitaji.

Jana jioni nilimpigia mama picha ya jiko, bila kupanga kitu. Vyombo vimejaa sinki, daftari la hesabu limefunguliwa karibu na jiko, mdogo kakaa sakafuni. Nikaituma kwa ukubwa wake kamili ili aweze kuivuta. Ilimchukua mama karibu nusu saa kujibu.

"Hiyo sufuria ya nyuma si ile niliyokufungashia? Mpini wake bado haujatoka?"