Ukweli Wote Kuhusu Lile Dumu la Njano

Kwa kuwa ujumbe wa sauti wa dakika nne aliourekodi rafiki yangu mweka hazina umekwisha kufika hadi kwa shangazi yangu kule Voi, ambaye kwa kawaida habari za huku humfikia baada ya matanga kuanuliwa, naona sina budi kueleza mambo mwenyewe, leo hii, kabla hayajatiwa chumvi hadi yakashindwa kulika. Mengi aliyoyasema mweka hazina ni kweli. Hakusema, hata hivyo, kwamba dumu lile alilibeba yeye. Amesema pia kwamba nilicheza, na hilo nitalijibu mwishoni.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya kikundi chetu cha kina mama wa Kimethodisti, hapa Mazeras, kumtembelea mjane mmoja wa miaka 84 anayeishi upande wa Ribe, mwenzetu wa siku nyingi, ambaye tangu avunjike nyonga hajaweza kutoka kitandani. Tulichanga kama kawaida. Asiyetujua na afahamu kwamba michango yetu haina mchezo: kila mama hutoa shilingi 50 kwa wiki, na mweka hazina huziandika katika daftari lenye jalada gumu, akitukumbusha wale Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, ambao mwaka 1742 walipatana kutoa peni moja kwa wiki kila mtu ili kulipa deni la jengo lao. Ukichelewa wiki mbili, utasomewa Bristol mpaka utoe.

Fedha hizo zilitupatia pakiti 12 za unga, mchele kilo 10, sukari kilo 5, mafuta ya kupikia, blanketi zito, doti mbili za leso, na paketi mbili kubwa za nepi za watu wazima, ambazo tulishauriwa na muuguzi. Juu ya hayo tuliongeza lita 20 za sabuni ya maji tunayoitengeneza wenyewe nyuma ya kanisa. Kila mara huwa tunaitia rangi ya kijani na manukato ya limau, lakini wiki hiyo vyote viwili vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo sabuni ikatoka nyeupe, yenye ukungu kidogo, na povu jembamba juu yake. (Msomaji wa Pwani, najua umekwisha kuanza kucheka. Tulia, hatujafika.) Mwenyekiti alishauri tubandike karatasi yenye maandishi kwenye dumu. Mimi, kwa cheo changu cha ukatibu, nikamjibu kwamba sabuni haihitaji kutambulishwa.

Kuhusu njia, nakiri kosa ni langu. Mwanawe yule mama, ambaye siku hiyo alikuwa kazini Mombasa, alinielekeza kwa simu: tukishuka matatu tufuate njia ya mchanga hadi kwenye mwembe mkubwa, kisha tutazame nyumba ya pili mkono wa kulia, yenye bati jipya. Tulipofika tukakuta miembe mitatu, yote mikubwa. Mwenyekiti akaniomba nipige simu tena. Nikamwambia, mbele ya mashahidi saba waliovaa sare, "Mama mwenyekiti, mimi huku ni kwetu." Huku si kwetu. Kwetu ni Taveta.

Nyumba yenye bati jipya tuliiona mara moja. Uani palikuwa na turubai, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, na moshi wa jikoni ulikuwa ukinukia pilau. Nikawageukia wenzangu nikawaambia kwamba hiyo ndiyo faida ya kutoa taarifa mapema. Tukaingia langoni na pambio, mizigo kichwani, leso za sare viunoni, tukalakiwa kwa vigelegele vya kupasua masikio. Hapo ndipo ningepaswa kusimama na kujiuliza. Nimetembelea wagonjwa kwa miaka 11, na katika miaka hiyo yote sijawahi kupigiwa vigelegele na familia ya mgonjwa.

Nililokuja kulijua baadaye ni kwamba boma lile lilikuwa likingoja posa. Upande wa kijana nao ni watu wa kanisa, na walikuwa wametuma habari kwamba kina mama wao watatangulia na mizigo, wakiwa wamevaa sare. Gari lao likawaharibikia karibu na Rabai. Sisi halikutuharibikia.

Tuliketishwa mbele, tukapewa soda baridi. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, akasimama akakohoa kidogo.

"Wageni wetu, Bwana asifiwe."

"Amina."

"Tumewapokea. Ingawa tunajua, hatujui. Basi semeni wenyewe lililowaleta."

Nikasimama, nikaweka chupa yangu chini ya kiti. "Wazee wetu, shikamooni. Tumesikia kwamba ndani ya nyumba hii mna mtu wetu."

"Yumo," akajibu mzee, na uani wote ukacheka kwa furaha.

"Tena tumesikia kwamba hatoki nje."

"Hatoki. Tumemfungia."

Neno hilo lilinishtua, lakini nikajiambia kwamba huenda wamemfungia asije akajikokota na kuanguka tena. Nikaendelea kwa sauti ya upole. "Sisi tumekuja kwa upendo, wala hatutaki kumchosha. Tutamwona mara moja, tutamwombea, kisha tutamwacha apumzike."

Wazee wakatazamana. "Mtamwacha?"

"Tutamwacha hapa hapa, lakini tutakuwa tukija kila mwezi."

"Kila mwezi, na mizigo kama hii?" akauliza shangazi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mungu akitujalia."

Vigelegele vilivyofuata hapo sitavisahau. Nilikaa chini nikiwa nimeridhika kabisa na hotuba yangu, na mweka hazina, ambaye leo anajifanya kwamba alishuku tangu mwanzo, alinifinya mkono akaninong'oneza kwamba nimenena vizuri.

Mzee hakukaa. "Na kadzama?" akauliza.

Kwa wale ambao, kama mimi wakati huo, hawakulelewa kwa Wamijikenda, kadzama ni tembo la mnazi wanaloletewa wazee wakati wa posa, na bila hilo mazungumzo hayafunguki. Mimi neno sikulielewa, ila niliona kidole chake kimeelekea kwenye dumu letu la njano, nikajua anataka maelezo. Nikayatoa kwa fahari.

"Hiyo tunatengeneza wenyewe, sisi kina mama."

Wazee wakainua nyuso. "Nyinyi wenyewe?"

"Wenyewe. Nyuma ya kanisa, kila Alhamisi, baada ya maombi."

"Kanisa gani?"

"Methodisti."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amepoteza miaka mingi katika dhehebu lisilo lake.

Sasa wapenzi wasomaji, naomba twende taratibu, kwa sababu yaliyofuata yalichukua kama dakika mbili tu, nami tangu Jumamosi ninayaona kila nikifumba macho.

Upande wangu wa kulia, yule shangazi wa mlangoni alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kuanza kuhesabu mizigo kwa sauti, ili kila mtu asikie kilicholetwa. Unga ukashangiliwa. Mchele ukashangiliwa. Leso zilifunuliwa, jina lake likasomwa, na doti moja ikafungwa papo hapo kiunoni mwa bibi mmoja aliyeanza kuringa nayo. Kisha shangazi akachukua paketi ya nepi, akaiinua juu kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akaisogeza karibu na macho.

"Hizi ni za mtoto?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi ambao wakati ule sikuuelewa.

"La, mama. Ni za mwenyewe aliyeko ndani."

"Za mwenyewe?"

"Za usiku, mambo yakimzidi."

Uani ulinyamaza. Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Kuku mmoja alipita kati ya safu za viti, na nilisikia kucha zake zikikwaruza udongo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini mimi nilidhani familia inaona haya juu ya udhaifu wa mgonjwa wao, nami nimefunzwa kwamba kazi ya mtembeleaji ni kuwaondolea watu haya. Nikasimama tena.

"Msione aibu, ndugu zangu. Kwa mtu wa miaka 84, hilo ni jambo la kawaida."

Pazia la mlangoni likasogea. Uso wa binti wa miaka kama 25, mikono yake imechorwa hina hadi viwikoni, ukachungulia ili kuona ni nani huyo aliyemwongezea umri kiasi hicho.

Wakati huo huo, upande wangu wa kushoto, nilisikia kitu kikimiminwa. Niligeuka. Mzee alikuwa amekwisha kufungua dumu na kujaza kibuyu cha kunywea. Povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni mwa kibuyu, jeupe, zuri, la kumdanganya hata mgema, naye alilipuliza kando kwa ustadi wa miaka mingi. Nilifungua kinywa. Nataka ifahamike kwamba nilifungua kinywa. Neno "sabuni" lilifika kwenye ulimi likakaa hapo kama abiria asiye na nauli. Mzee akainamisha kichwa nyuma, akapiga funda moja kubwa.

Hakumeza, wala hakutema, kwa kuwa ni mtu wa adabu na hakutaka kuwaaibisha wageni. Alisimama wima na mashavu yaliyojaa, macho yakizidi kupanuka, akitutazama mmoja baada ya mwingine kana kwamba anatafuta miongoni mwetu mtu wa kumweleza. Kisha, kwenye pembe ya mdomo wake, kikatokea kipovu kidogo cha ukubwa wa shilingi. Kikakua kikawa kama ndimu. Kilikuwa na rangi zote za upinde wa mvua, na ndani yake niliona, ninaapa, kivuli cha turubai na sisi sote tuliokaa chini yake. Kikatetemeka. Kikapasuka.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika kwamba jioni ya tarehe 24 Mei mwaka 1738 aliuhisi moyo wake ukipata joto la ajabu. Moyo wangu nao ulipata joto saa hiyo, ila langu lilikuwa la presha. Wamethodisti walifika Ribe mwaka 1862, na katika miaka hii zaidi ya 160 sijasikia kwamba kuna kundi lolote lililopata kuwanywesha wenyeji sabuni, mpaka nilipotokea mimi.

Na wakati huo huo, huko langoni, tukasikia kina mama wengine wakiimba. Walikuwa na sare, walikuwa na mizigo, na wa mbele wao alikuwa amejitwika dumu la njano.

Yaliyobaki nitayapitia haraka, kwa sababu yananichoma. Mzee alisukutuliwa nyuma ya jiko kwa maji mengi, na nimempigia simu kila asubuhi, hajambo kabisa. Tuliomba radhi tukiwa tumepiga magoti, wote wanane, na familia ile ilicheka mno hata sehemu ya kukasirika ikapotea. Binti hakucheka. Mizigo tulirudishiwa, isipokuwa sukari kilo 2 ambazo zilikuwa zimekwisha kuingia kwenye chai, na ile doti ya leso, kwa maana hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumfungua bibi yule. Nyumba ya mgonjwa wetu ilikuwa boma la pili, kwenye mwembe wa katikati, na yeye kitandani mwake alikuwa amesikia kila neno kupitia ua wa makuti, pamoja na umri wake ukitangazwa. Alicheka hadi tukaihofia nyonga.

Mweka hazina amefunga hesabu. Katika daftari la jalada gumu, chini ya tarehe hiyo, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sukari kilo 2, leso doti 1: mahari." Nimemwomba alifute neno la mwisho. Amekataa, akisema kwamba tangu Bristol hesabu zetu hazijawahi kufutwafutwa.

Na kuhusu kucheza: nilicheza ubeti mmoja tu, tena kabla ya soda.