Ruzuku za kuajiri wanafunzi kwenye utafiti: tuanze na hesabu ya saa

Vyuo vikuu na wafadhili wengi wa utafiti hutenga fungu dogo lenye kazi moja tu: kumwezesha mtafiti kumlipa mwanafunzi awe msaidizi wake. Jambo lenyewe si geni. Chuo cha MIT kilianzisha mpango wake wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza mwaka 1969, na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, limekuwa likifadhili mpango wake wa namna hiyo, REU, tangu 1987. Wanaoliunga mkono fungu hili wanasema kazi ya mtafiti inasonga na mwanafunzi anajifunza utafiti kwa kuufanya. Wanaolitilia shaka wanasema fedha hizohizo zingemlipa mtu mwenye ujuzi tayari, na kazi ikaisha mapema zaidi. Kila upande una hoja. Lakini kabla ya kuchagua upande, ni lazima kuhesabu saa, na hapo ndipo maombi mengi yanapokosea.

Chukua mradi wenye mahojiano 30 yaliyorekodiwa, kila moja la saa moja. Mtafiti anaomba msaidizi mmoja wa saa 10 kwa wiki, kwa muhula wa wiki 14. Hizo ni saa 140, na kwenye andiko zinaonekana nyingi. Sasa anza kutoa. Wiki 2 za kwanza ni za mafunzo: maadili ya utafiti, namna ya kuhifadhi mafaili, namna ya kuandika kigugumizi na vicheko vya msailiwa. Saa 20 zimekwenda. Wiki ya mitihani mwanafunzi haonekani, na ana haki. Zimekwenda 10 nyingine. Kikao cha saa moja na msimamizi kwa kila wiki kati ya 11 zilizobaki kinachukua 11. Zinabaki saa 99. Saa moja ya sauti iliyo safi humchukua mzoefu takriban saa 4 kuiandika neno kwa neno. Anayeanza huhitaji 6, na zaidi pale wasemaji wanapokatizana maneno. Kwa mwendo huo msaidizi atamaliza mahojiano 16. Muhula umekwisha, karibu nusu ya rekodi hazijaguswa, na uchambuzi wenyewe haujaanza. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi hupunguza mzigo, lakini bado lazima mtu asikilize na kusahihisha, na kupakia sauti za wasailiwa kwenye huduma ya nje kunaweza kuvunja ridhaa waliyoitia saini.

Kwa kazi kama hiyo wenye shaka wako sahihi: mwandishi mzoefu angekuwa nafuu. Na hapo hatujahesabu saa za msimamizi, ambazo karibu hakuna bajeti inayozitaja. Mtu wa kupitia maandishi, kujibu maswali na kurekebisha makosa ni mhadhiri yuleyule ambaye ruzuku ilikusudiwa kumpunguzia kazi.

Mizani hugeuka pale msaidizi anapobaki zaidi ya muhula mmoja. Kusimba majibu ya wazi, yaani kulipa kila jibu alama ya kundi lake kwa kufuata orodha ya misimbo na maana zake, ni mfano mzuri. Mwanzoni wasaidizi wawili wanaosimba majibu yaleyale hutofautiana sana. Hukaa pamoja, huboresha maana ya kila msimbo, hurudia sampuli nyingine, mpaka kipimo cha makubaliano kati yao, mara nyingi kile cha kitakwimu kiitwacho kappa ya Cohen, kinafika kiwango walichokiweka kabla ya kuanza. Gharama yote iko mwanzoni. Akiondoka mmoja baada ya muhula, zoezi linarudiwa upya na mgeni. Ndiyo maana msaidizi mmoja kwa mihula miwili ana faida kubwa kuliko wawili kwa muhula mmoja mmoja, ingawa malipo ni yaleyale. Wafadhili wengi hupenda chaguo la pili kwa kuwa idadi ya wanafunzi inapendeza kwenye ripoti.

Njia nyingine ni kipindi kimoja cha kazi ya kutwa wakati wa likizo. Tuzo za NSERC, shirika la Kanada linalofadhili utafiti wa sayansi na uhandisi, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida hudai wiki 14 hadi 16 za namna hiyo. Kwa saa 35 kwa wiki, wiki 14 ni saa 490, na mafunzo yanakuwa sehemu ndogo ya jumla. Kasoro yake ni kwamba kazi ya kutwa inaweza kumwacha nje mwanafunzi mwenye watoto au mwenye kazi nyingine asiyoweza kuiacha, na huyo mara nyingi ndiye anayeuhitaji zaidi mlango huu.

Kuhusu namna ya kulipa, posho ya mkupuo ni rahisi kuiendesha. Chini ya kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani, gharama za kuwasaidia washiriki wa mafunzo, ikiwemo posho yao, haziingizwi kwenye kiasi kinachokatwa gharama za uendeshaji wa chuo, hivyo hakuna makato ya chuo juu ya posho hiyo. Ila posho huficha saa: mwanafunzi aliyeahidiwa saa 10 anajikuta kwenye 18 na hana karatasi ya kuonyesha. Ujira wa saa unadai mkataba, jedwali la saa na idara ya mishahara, lakini unamlinda. Kwa kazi inayozalisha data ya mradi wa mwalimu, ujira ndio wa haki. Posho ibaki kwa mafunzo halisi, ambapo mwanafunzi ana swali lake mwenyewe la utafiti.

Kuna mitego midogo inayoangusha mipango mizuri. Mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani au Uingereza kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Mwenye saa 12 maktaba amebakiwa na 8 tu, si 10. Jina la msaidizi liongezwe kwenye kibali cha kamati ya maadili kabla hajafungua faili hata moja. Suala la uandishi wa makala nalo liamuliwe mapema: kwa vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kukusanya data peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, kwa hiyo asiahidiwe jina iwapo hatashirikishwa pia kwenye kuandika na kuidhinisha.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kalenda. Barua ya ruzuku inakuja wiki ya tatu ya muhula, idara ya mishahara inachukua wiki nyingine kadhaa, na fedha zisizotumika zinarudishwa mwaka wa fedha unapofungwa. Mtafiti anamchukua aliye karibu, kwa kawaida mwanafunzi wake anayemfahamu, na tangazo la wazi linarukwa. Mfadhili anaweza kuondoa tatizo hili kwa masharti mawili: fedha ziruhusiwe kuvuka mwaka, na ripoti ya mwisho iulize wangapi walibaki muhula wa pili na ni kazi gani waliikamilisha.