Raba ya Breki Isiyokwisha Ndiyo ya Kuogopa

Anayetoka Uyole, Mbeya, kwa baiskeli kuelekea Tukuyu hupanda kwa muda mrefu hadi Isyonje, na akishapita hapo huanza mteremko wa kona nyingi hadi Kiwira, mara nyingi ndani ya ukungu, na kwa miezi mingi ya mwaka ndani ya mvua. Ni katika mteremko huo, mwezi wa Aprili miaka michache iliyopita, nilipofunga breki zote mbili kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijashika kitu. Mbele yangu lori la viazi lilikuwa limepunguza mwendo kwenye kona. Nilisimama hatua chache tu kutoka kwenye bodi lake, na nilipoteremka mikono ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba nilishindwa kufungua chupa ya maji. Waya zilikuwa nzima, mikono ya breki haikuwa na kasoro, na ringi hazikuwa zimepinda. Kasoro ilikuwa katika raba nne nyeusi ambazo nilikuwa nimezisifu kwa mwaka mzima na nusu kwa sababu moja tu, kwamba zilikuwa haziishi.

Waendesha baiskeli wengi wa Mbeya na Iringa huchagua raba za breki kama wanavyochagua soli ya kiatu, yaani ile ngumu inayodumu ndiyo bora. Nami nilikuwa hivyo. Fundi aliyeniuzia zile raba aliniambia, kwa nia njema kabisa, “Kaka, hizi ukifunga leo umesahau,” nami nikamshukuru. Leo naamini kwamba ushauri huo, ambao pengine hauna madhara makubwa mahali tambarare, haufai kabisa katika milima hii, na kwamba mtu wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kuanza na swali jingine: raba hii inashikaje ringi iliyolowa?

Breki ya baiskeli hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85 kwa pamoja, kila mita 100 wanazoshuka kwenda chini huleta nishati ya takriban kilojuli 83. Anayeteremka kasi huachia upepo sehemu kubwa ya nishati hiyo, lakini anayeshuka polepole huku ameshikilia breki muda wote huipeleka karibu yote kwenye raba na ringi. Akishuka kimo cha mita 400 kwa namna hiyo, joto lililopita hapo lingetosha kuchemsha lita moja ya maji ya baridi. Kutoka Tukuyu hadi Kyela tunashuka takriban mita 1,000. Ndiyo maana kwenye miteremko mirefu ringi huweza kupata moto kiasi cha kupasua tyubu, na ndiyo maana ni afadhali kufunga breki kwa nguvu kabla ya kona kisha kuziachia zipoe, kuliko kuzigusagusa njia nzima.

Mvua ndiyo inayoleta mtihani mkubwa zaidi. Ringi ya alumini ikilowa, raba haishiki papo hapo. Kwanza hulazimika kufuta maji, na gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla ya mwendesha baiskeli kuhisi chochote mikononi. Raba laini yenye mchanganyiko mzuri hufuta maji haraka na kurudisha mshiko. Raba ngumu, hasa iliyokaa juani miaka miwili hadi uso wake ukawa unang’aa kama kioo, huteleza juu ya utando wa maji, na kadiri unavyokaza mkono ndivyo unavyogundua kwamba nguvu za mkono si dawa. Kushika na kulika ndiyo kazi ya raba. Ikiwa hailiki, basi ama haishiki, ama kuna kitu kingine kinacholika badala yake.

Kitu hicho ni ringi. Barabara za Rungwe, wilaya ya Tukuyu na Kiwira, zina mchanga mweusi wa volkano, na mvua ikinyesha mchanga huo hurushwa na tairi na kunata kwenye ringi. Ndani ya raba mbovu huzama chembe hizo, na pamoja nazo vipande vidogo vya alumini vilivyokwanguliwa kutoka kwenye ringi yenyewe, hadi uso wa raba unakuwa kama msasa. Ukisikia mkwaruzo kama wa kisu juu ya jiwe kila unapofunga breki, usisubiri ufike nyumbani: toa gurudumu, tazama raba, na chomoa vipande hivyo kwa ncha ya sindano au pini. Mimi nilipuuza sauti hiyo kwa wiki nyingi. Baadaye, nilipoweka rula wima kwenye ukuta wa ringi ya mbele, niliona mwanga ukipita katikati, yaani ukuta ulikuwa umechimbika kuelekea ndani. Ringi nyingi zina mfereji mwembamba au kitundu kidogo cha kuonyesha kiwango cha kulika, na kikifutika maana yake ukuta umekuwa mwembamba mno na unaweza kupasuliwa na upepo wa tairi. Changu kilikuwa kimefutika. Raba zile ninazo hadi leo, bado nene, na ringi niliitupa.

Kwa hiyo ninachotafuta sasa ni raba laini kiasi, iliyotengenezwa kwa ajili ya ringi za alumini na kwa hali ya mvua. Kool-Stop ya Marekani ina raba za rangi ya pinki iliyofifia ambazo sifa yake kubwa ni kushika kwenye maji na kutochuna ringi, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. SwissStop ya Uswisi ina aina ya buluu iitwayo BXP, nayo ni ya alumini. Shimano R55C4 nayo hufanya kazi ya kuaminika na hupatikana kwa urahisi zaidi kwa wanaoagiza Dar es Salaam. Lakini rangi peke yake isimdanganye mtu, kwa sababu kupaka raba yoyote rangi ya pinki ni kazi rahisi. Bonyeza kwa ukucha: raba nzuri huacha alama kidogo kisha hurudi, ilhali ile ngumu kama plastiki haikubali ukucha hata kidogo. Mabaki yaliyokaa dukani miaka mingi yasichukuliwe hata kama jina lililoandikwa ni kubwa, kwa kuwa raba huzeeka hata isipotumika.

Nashauri pia kununua raba zinazochomekwa kwenye kishikizo cha chuma, badala ya zile zilizoungana na bolti yake. Unabadilisha raba tu na kishikizo kinabaki, jambo linalofanya gharama ya kubadilisha mapema isiume. Hapa kuna kosa moja ambalo nimeliona zaidi ya mara moja na ambalo linanitisha: kishikizo kina upande uliozibwa na upande ulio wazi, na upande uliozibwa lazima uelekee mbele. Ringi inapozunguka huivuta raba kwenda mbele. Kama mbele ndiko kuliko wazi, raba itachomoka mteremkoni siku utakapoihitaji kuliko siku zote. Vilevile raba za Campagnolo na za Shimano hazina umbo moja, hivyo beba kishikizo chako unapokwenda dukani.

Wenye ringi za kaboni wasiguse kabisa raba nilizozitaja. Kaboni inahitaji raba zake maalumu, na hata hizo hazinishawishi, kwa sababu joto la mteremko mrefu huweza kulainisha gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni. Kwa mteremko wa Kitonga, kule Iringa, au kwa kushuka Kyela, mimi nisingezitumia. Wenye breki za diski, zinazobana bamba la chuma katikati ya gurudumu badala ya ringi, wana nafuu kubwa wakati wa mvua, na kwao uchaguzi ni kati ya pedi za resini, ambazo ni tulivu lakini huisha haraka kwenye tope, na pedi za chuma, ambazo hustahimili joto na kudumu ingawa hupiga kelele. Watazame kwanza diski yao, maana nyingine zimeandikwa kwamba ni za pedi za resini tu.

Baiskeli za Phoenix zenye ringi za chuma cha kromu ni jambo jingine kabisa. Kromu ikilowa huteleza kuliko alumini, na hakuna raba inayoweza kuifanya isimame ghafla. Vijana wanaobeba mkaa na ndizi juu ya baiskeli hizo wanalijua hilo, na wengi hushuka na kuikokota kwenye miteremko. Wanafanya sahihi.

Raba mpya nikishazifunga, huzisugua uso kwa msasa mwepesi, nafuta ringi kwa spiriti, kisha naziinamisha kidogo ili ncha ya mbele iguse ringi kidogo tu kabla ya ile ya nyuma, maana hilo huondoa mlio. Baada ya hapo sipandi Isyonje moja kwa moja. Huzunguka Uyole kwa nusu saa, nikifunga breki mara ishirini au thelathini kwenye vilima vidogo hadi nihisi zimeanza kuuma sawasawa pande zote mbili, na ikiwezekana nasubiri siku ya manyunyu nizijaribu zikiwa zimelowa, mahali ambapo mbele yangu hakuna gari.